🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 12: SARAFU INAYONG'AA



Ndugu zangu waumini, Alhamdulillah tumefika siku ya 12. Kumi la rehema limeshatuaga, sasa tuko kwenye kumi la maghfira. Allah azikubali swaumu zetu na azifute kasoro zake. Aamin.

Juzi baada ya tarawehe kijana wetu mmoja alinisubiri mlangoni mpaka watu wakaisha. "Shikamoo ustadhi, nina jambo." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, sema." Akafungua kitambaa. Ndani mna sarafu sita za shilingi 200, zile za mwaka 1998 zenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Zinang'aa kama zimetoka kiwandani leo. Marehemu mama yake alizifungia kwenye kopo, hazikuwahi kutumika.

Kumbe kuna mtu kwenye simu kamwambia sarafu ya kawaida ikiwa haina mkwaruzo hata mmoja inauzwa mamilioni nje ya nchi. Ila kwanza atume shilingi 45,000 za "upimaji". Na pesa anayo, ni ya vitunguu alivyouza. Akaniuliza, "Ustadhi, nitume? Na nikiuza, ni halali?"

Najua si yeye peke yake. Ujumbe wa namna hii unazunguka kwenye simu zetu nyingi, ndiyo maana leo nimeona tulizungumze hapa.

Kwanza tuseme ukweli: biashara hiyo ipo duniani, si hadithi tupu. Marekani kuna kampuni kama PCGS na NGC, zilianza miaka ya 1980. Zinapokea sarafu, zinaikagua, zinaipa alama kuanzia 1 hadi 70, kisha zinaifungia ndani ya plastiki ngumu. Sitini na tisa ni nzuri sana. Sabini ni ile isiyo na dosari. Kati ya 69 na 70 jicho lako na langu haliwezi kutofautisha, lakini bei zinaachana kama mbingu na ardhi. Mwaka 2001 senti moja ya Marekani ya mwaka 1963, yenye alama 70, iliuzwa zaidi ya dola 39,000. Senti moja! Na senti za toleo hilo maalumu zilitengenezwa zaidi ya milioni 3 mwaka huo huo.

Sasa jiulize, yule mnunuzi alinunua nini? Si shaba. Si sarafu adimu pia, maana wenzake ni mamilioni. Alinunua namba iliyoandikwa kwenye plastiki. Na wengine wakipeleka senti zao zikapimwa, zikapata 70 vilevile, ile namba inakuwa ya kawaida na bei inaporomoka.

Linganisha na jambo la huku kwetu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walitengeneza pale Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, hapa hapa Iramba, jirani zetu kabisa. Zilitengenezwa kama 16,000 tu. Hiyo ni dhahabu, na ni chache kweli. Bei yake ina mguu wa kusimamia. Shilingi 200 ya Mzee Karume iko mfukoni mwa kila kondakta.

Basi nilimjibu kijana mambo matatu, na nayaleta kwenu.

*La kwanza: usitume hiyo pesa.* Mnunuzi wa kweli hakuombi ada kabla hajaiona bidhaa. Mtume ﷺ amekataza biashara ya gharari, yaani biashara ambayo hujui unatoa nini wala unapata nini. Humjui mtu, huijui bei, hujui sarafu itapewa alama gani, na pesa inatangulia. Hapo ni kutega mkono kwenye shimo.

*La pili: hukumu ya kuuza.* Kuna hadithi ya Bilal (r.a.) kwa Bukhari na Muslim. Alimletea Mtume ﷺ tende nzuri sana. Alipoulizwa kazipata wapi, akasema alikuwa na tende duni, akatoa pishi mbili akapata pishi moja ya hizo nzuri. Mtume ﷺ akasikitika, akabainisha kuwa hiyo ndiyo riba yenyewe. Akamwelekeza auze zile duni kwanza, kisha anunue nzuri kwa thamani yake. Umeona, ndugu yangu? Ubora haukuhalalisha ziada, kwa sababu ni jinsi moja.

Pesa za leo nazo zina hukumu hiyo. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, kwenye kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kwamba noti zina hukumu za dhahabu na fedha. Na kila sarafu ya nchi ni jinsi yake. Kwa hiyo shilingi 200 ambayo bado inatumika sokoni, ukiibadilisha kwa shilingi 50,000 za Tanzania eti kwa sababu inang'aa, umeingia palepale alipokatazwa Bilal. Akilipa dola, jinsi zimetofautiana na bei inaweza kutofautiana, lakini iwe mkono kwa mkono, si "nitakutumia baadaye".

Pesa iliyoondolewa kabisa kwenye matumizi ni jambo lingine. Mfano ni zile noti za zamani ambazo Benki Kuu ilitupa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Hizo zimebaki karatasi, zimekuwa bidhaa kama kikapu au jembe. Unaweza kuuza kwa bei mnayokubaliana, mradi usidanganye.

*La tatu, na hili ndilo la Ramadhani.* Ile sarafu ya alama 70 imeipataje hiyo alama? Kwa kutoguswa. Haijanunua mkate wa futari, haijamlipia mgonjwa nauli, haijadondoka kwenye kiganja cha yatima. Usafi wake wote ni wa kutofanya kazi. Sasa fungua sanduku la msikiti wetu siku ya Ijumaa. Sarafu zilizochakaa, nyeusi, sura ya Mzee Karume imefutika. Mpimaji wa plastiki hatazitazama mara mbili. Lakini huenda moja kaitoa bibi ambaye hana nyingine, na kwenye mizani ya Allah ikawa nzito kuliko Jabali Uhud.

Suratul Humaza inamwonya anayekusanya mali na kuihesabu akidhani itambakisha milele. Na Mtume ﷺ ametufundisha kuwa Allah haangalii sura zetu wala mali zetu, anaangalia nyoyo na matendo. Tusije tukawa na swaumu ya kwenye plastiki: inang'aa mbele za watu, jirani hajaonja futari yetu.

Kijana hakutuma pesa. Zile sarafu sita kasema atawanunulia watoto wa jirani sukari ya uji, kwa niaba ya mama yake. Allah amrehemu mama yule na amkubalie.

*Kazi ya leo:* tafuta kitu kimoja ulichokificha kwa sababu ni kizuri, pesa, nguo au chakula, ukitoe kabla ya magharibi. Na mwenye ujumbe wa "tuma ada upate mamilioni" kwenye simu yake, aufute, amwonye na mwenzake.

Yaa Allah, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzio. 🤲