BURE NA HURIA

Neno "bure" lina sura mbili katika Kiswahili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa; lakini kujisumbua bure ni kujisumbua pasipo faida. Twachelea kwamba sura hii ya pili imetutawala, hata mtu akisikia kuna programu za kompyuta zisizouzwa huzidharau kabla ya kuziona, akaona heri kunakili kwa siri programu ya kununuliwa. Mwalimu humwadhibu mwanafunzi aliyenakili majibu ya mwenzake, na mtihani wenyewe umechapwa kwa programu iliyonakiliwa bila idhini. Hapo pana swali la maadili, si la ufundi tu.

Kila programu huandikwa na watu, mstari kwa mstari, kwa lugha maalumu. Makampuni mengi huyaficha maandishi hayo: hutuuzia tunda, mbegu yakabaki nayo. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yameachwa wazi, na leseni yake yamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Bei si kiini chake. Yaweza hata kuuzwa. Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, hoja yake ilikuwa kwamba apendaye programu yampasa kuwagawia wengine waipendao. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux, ambayo leo ndiyo moyo wa simu za Android tulizo nazo mifukoni.

Kwetu sisi walimu wa lugha, uwazi huo una maana ya pekee. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kumbembeleza mwenye mali.

Anayezitafuta leo na aende kwenye tovuti za watungaji wenyewe: LibreOffice kwa uandishi, Debian kwa kuendeshea kompyuta nzima, na kwa simu, F-Droid. Nakala za vichochoroni za nini?

Hata hivyo hatukubaliani na wasemao kwamba apokeaye bure hadaiwi kitu. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za tovuti nyingi duniani. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu 2012, mbele ya macho ya kila mtu. Makampuni tajiri yaliitegemea programu hiyo; walioitunza walikuwa watu wachache wenye fedha kidogo mno. Kila mmoja alidhani mwenziwe anasoma. Ni baada ya aibu hiyo ndipo matajiri walipofungua mifuko. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Na sisi tumekuwa wageni miaka mingi.

Jembe letu lipo, wala halihitaji ujuzi wa kuunda programu. Mwalimu akutanaye na amri iliyotafsiriwa ovyo aweza kupeleka pendekezo lake, nalo likapimwa na wenzake. Kuhusu yale maandishi ya programu, wengi huyaita msimbo. Sisi twaona "maandishi asilia" yangeeleweka upesi zaidi darasani, ingawa twajua wenzetu wa pwani watatupinga.