Ifunike au Iache Nyumbani

Wewe mwenye leseni, nasema nawe. Jambazi hasomi mahubiri. Unayasoma wewe, unayesimama safu ya mbele Ijumaa na bastola kiunoni, chini ya kanzu nyeupe ya kitambaa chepesi, ukidhani umeificha. Hukuificha! Ukisimama wima kanzu inaning'inia, hakuna ajuaye. Ukirukuu, kitambaa kinavutika mgongoni. Ukisujudu, kitako cha bastola kinajichora juu ya nyonga yako, na mzee aliye nyuma yako, aliyekuja kumkabili Mola wake, anaikabili silaha yako. Kuanzia hapo haswali tena. Anatafuta mlango kwa jicho la pembeni. Ni nani aliyekupa ruhusa ya kumharibia mja sijda yake?

Mtume (S.A.W.) hakuliacha jambo hili. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe, asije akamdhuru Muislamu. Tazameni hekima hiyo. Mwenye mishale hakuambiwa aitupe. Aliambiwa akamate palepale panapokata, kwa kiganja chake, hatari ibaki kwake na mpita njia asalimike. Na akakataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, maana hajui, huenda shetani akaivuta mkononi mwake.

Lakini wako wanaoficha ili waonekane. Hao ndio wanaonichoma moyo! Mnawajua. Mtu anadaiwa, mdai amekuja dukani Ngamiani, hapa Tanga, mazungumzo yamekuwa makali. Mwenye duka anajinyoosha kama mwenye usingizi, shati linapanda, kitako kinachungulia, na mdai anashusha sauti. Hakutamka neno, basi anajiona hana kosa. Ewe ndugu, umetisha mtu! Umetisha kwa shati, na deni lako lingali palepale mbele ya Mungu.

Wazee wa mwambao huu walivaa majambia. Waliyavaa mbele ya tumbo, juu ya kanzu, ndani ya ala yenye nakshi, kila jicho likiona. Jambia lilikuwa pambo la heshima, na aliyelichomoa alijua amevunja nini. Ninyi mmechukua chombo cha kufichwa mkakifanya pambo la nusunusu. Sheria yetu ya silaha ya 2015 haimpi leseni aliye chini ya miaka 25. Miaka hiyo ni ya nini, kama ukiipata bastola unatamba nayo kama mtoto aliyeokota kibiriti?

Na mji huu una kumbukumbu zake. Februari 2015 risasi zilirindima Amboni, askari wa JWTZ akapoteza maisha. Machi 2017 nchi nzima ilitazama picha ya mtu aliyevaa kiraia akimtolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ameondolewa uwaziri siku hiyohiyo. Baada ya hayo, uvimbe kiunoni haupiti hivihivi. Mama anayeuza samaki Deep Sea hawezi kuisoma leseni yako kupitia shati.

Sasa nguo. Msuli hushikwa na mkunjo wake tu. Usithubutu kuupachika chuma. Kanzu haina mkanda, na mfuko wake wa pembeni unabembea: ukiinama kutia udhu, bastola inaangukia sakafu ya saruji, na Mungu ndiye ajuaye kitakachofuata. Ukipanda bodaboda kuelekea Raskazone, upepo wa bahari unalipandisha shati mpaka mgongoni na nyuma yako kuna daladala limejaa watu. Koti zito Januari, katika joto lile la kaskazi? Koti lenyewe ndilo litakaloulizwa. Jasho nalo lina chumvi, linakula chuma.

Kama ni lazima ubebe, basi vaa suruali yenye mkanda mgumu, bastola iwe ndani ya mkoba wake unaofunika kifyatulio, na juu yake shati pana la maua au mistari, refu kupita nyonga, lisilochomekwa. Simama mbele ya kioo. Inama. Inua mkono kama unayeshika bomba la daladala. Keti. Ikionekana, hutoki nayo. Afrika Kusini wameliandika hili katika sheria yao ya 2000: bastola iwe katika mkoba, ifunikwe kabisa, na mbebaji aimudu.

Na Idi je? Ibn Umar, sahaba wa Mtume, alichomwa na ncha ya mkuki unyayoni, kule Mina, siku za Idi. Hajjaj, mtawala aliyetetemesha watu, akaja kumjulia hali na kuuliza ni nani aliyemjeruhi. Ni wewe, akajibiwa. Umeleta silaha siku isiyobebwa silaha, ukaiingiza katika Haram. Mkono wa Hajjaj haukuushika mkuki ule, na lawama ilimfika vilevile.

Kwa swala ya Idi, kwa maulidi, kwa harusi na mazishi, ifungie kwenye sefu ya chuma, ufunguo ukae kwako. Utasema, fedha za duka je? Zipeleke benki Alhamisi mchana, au omba askari akusindikize. Na kama hofu inakuandama mpaka safuni, kuna mtu anayekuwinda: nenda polisi kabla ya adhana, ukamtaje.