Baridi ya Mnunuzi Haina Bei

Jiko la kuni lililotumika lina mipaka miwili ya bei kabla watu hawajaanza kupatana. Mpaka wa chini ni bei ya uzito wake kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mpaka wa juu ni bei ya jiko jipya la aina hiyo kwa fundi wa kuchomelea. Bei yoyote kati ya hapo inaweza kukubaliwa na pande mbili, lakini si kila bei iliyokubaliwa ni ya haki. Swali la maadili ni hili: kitu gani kinaruhusiwa kuingia katika bei, na kipi hakiruhusiwi hata kama mnunuzi yuko tayari kukilipia?

Njombe, kusini mwa Tanzania, swali hili lina uzito wake. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti zipo alfajiri ambazo umande huganda juu ya majani. Jiko huivisha ugali na papo hapo hupasha nyumba joto, kwa kuni za miwati, milingoti au misindano. Kilometa 60 hivi kutoka hapo, Makambako, barabara ya Songea inaachana na barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA inapita. Katika njia panda kama hiyo muuzaji na mnunuzi wanaweza wasionane tena maishani.

Hesabu huanza na maisha yaliyobaki ya jiko, kwa kuwa hayo ndiyo yanayouzwa. Moto hula kwanza bati la tumbo, pale kuni zinapokaa. Likigongwa kwa kidole likatoa mlio uliofifia na kuangusha magamba ya kutu, limeshakonda. Mlango usiofunga, wavu uliopinda na bomba lililozibwa na masizi ya kuni mbichi huonekana kwa macho. Ufa wa kwenye mshono hujitokeza jiko likiwashwa, maana moshi hutokea hapo. Tuseme jiko jipya ni shilingi 80,000, hudumu misimu mitano ya baridi, na hili limetumika mitatu. Kilichobaki ni shilingi 32,000. Wavu mpya ukigharimu 8,000, thamani inabaki 24,000. Rangi mpya juu ya kutu haiongezi hata msimu mmoja.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alilijadili jambo hili katika Summa Theologiae. Kwake, muuzaji anaweza kudai zaidi ya thamani ya kawaida ikiwa kuachana na kitu kunamtia hasara: aliye na jiko moja tu, atakayelala na baridi mpaka apate jingine, anaruhusiwa kuihesabu hasara hiyo, kwa sababu ni yake. Lakini mnunuzi akiwa na shida kubwa ilhali muuzaji hapungukiwi na kitu, shida hiyo haiwezi kuuzwa. Mtu huuza kilicho chake, na baridi inayomtesa mama mwenye mtoto mchanga si mali ya mwenye jiko. Mama akiongeza kitu kwa shukrani, hilo ni hiari yake.

Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa, katika maandiko yake ya mwaka 1524 kuhusu biashara, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Aliwakemea wafanyabiashara wenye kanuni ya kuuza ghali kadiri wawezavyo; bei, kwake, ipimwe kwa gharama, kazi na hatari aliyoibeba muuzaji. Hivyo Mkatoliki na Mlutheri wa Njombe, waliorithi mapokeo yaliyotofautiana katika mengi, wanakutana mbele ya jiko moja.

Hii haimaanishi kwamba bei isibadilike. Soko zima likipanda Julai, hata kupata jiko la kuziba pengo kunagharimu zaidi, na hesabu inapanda kwa haki. Dhuluma ni kumsoma mtu mmoja usoni, kuona anatetemeka, na kumpandishia yeye peke yake.

Kasoro iliyofichika ni suala jingine. Kwa Thomas, kasoro inayoonekana na iliyokwisha kupunguziwa bei haihitaji kutangazwa. Ya siri inayoweza kudhuru lazima isemwe. Fikihi ya Kiislamu humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo. Mshono uliozibwa kwa rangi huvujisha ndani ya chumba kilichofungwa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeuza jiko hilo kimyakimya anauza mbuzi kwenye gunia, na mbuzi huyo anaweza kuua.

Habari za soko hazilingani na kasoro. Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, mwaka 44 KK alisimulia mjadala wa mfanyabiashara aliyefikisha nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa akijua meli nyingine ziko njiani: je, aseme? Cicero alijibu kwamba aseme. Thomas aliona kwamba kunyamaza hakuvunji haki, ingawa kusema ni wema zaidi. Muuzaji wa Makambako anayejua kwamba kesho lori la majiko mapya litashusha mzigo yuko katika hali hiyohiyo: jiko lake halina uongo ndani yake, ila ukarimu unamdai neno.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kitabu cha Mithali, sura ya 20, kinamtaja anayekiponda kitu mpaka akipate kwa bei chee, kisha akaenda kujisifu. Januari mzazi anayeuza jiko ili anunue sare za shule yuko pale alipokuwa mama yule mwenye mtoto mchanga wakati wa baridi. Anayempa bei ya chuma chakavu kwa jiko lenye misimu miwili ndani yake amenunua shida ya mzazi, na shida hiyo haikuwa sokoni.