Je, Ni Kosa Kudai Mbele ya Mwamuzi?



Hapa Bukama ulizo moja linarudi mara kwa mara. Mutu aliyevunjika mukono kazini, akinyimwa feza za kilema na mufuko wa taifa, ana ruhusa ya kwenda kushitaki? Wengine wanasema ni kupigana na mamlaka iliyowekwa na Mungu. Wengine wanasema neno zito zaidi: sisi tunaweka mikono juu ya wagonjwa; basi mutu anayengoja kuponywa ataomba namna gani karatasi ya kusema yeye ni kilema?

Kwanza tujue feza hizo ni za nani. Tangu sheria ya tarehe 29 Juni 1961 inchi yetu ilikuwa na mufuko wa wafanyakazi, ulioitwa INSS. Nyuma ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016, CNSS ikachukua nafasi yake. Kwa pensheni, sehemu inakatwa katika mushahara wa mufanyakazi, na sehemu inalipwa na bwana-kazi. Kwa hatari za kazi, bwana-kazi analipa peke yake. Si sadaka. (Mama anayelima na muvuvi wa Lualaba, kwa kawaida hawamo katika mufuko huo. Hiyo ni huzuni nyingine.)

Kuhusu mamlaka, sheria ya mwaka 2002 iliyosimamisha tribinali za kazi iliwapa waamuzi wake maneno ya feza hizi pia. Ni serikali yenyewe iliyofungua mulango. Mutume Paulo alitaka kesi yake ifike kwa Kaisari, naye hakuwa muasi. Onyo lake kwa Wakorinto linahusu ndugu na ndugu; ofisi si ndugu.

Ulizo la pili ndilo linatunyima usingizi. Tumeona ndugu aliyeficha mukono wake ndani ya koti, watu wasiseme imani yake ni haba. Miaka ikapita, karatasi zikapotea, watoto wakafukuzwa masomoni. Imani hiyo ilimulisha nani? Bartimayo aliulizwa anataka nini, naye hakuona haya kusema mbele ya watu kwamba haoni. Mutu anaweza kusema leo mukono wangu haushiki, na usiku uleule kuomba ushike. Hatuoni uongo ndani yake. Uongo ni kuongeza kilema mbele ya munganga, ao kununua cheti; huyo asitafute maombi yetu juu ya kesi yake.

Naye anayesema kweli, akipanda treni kwenda tribinali ya Kamina, kanisa limupe nauli na mutu wa kumusindikiza.

Na siku Mungu akimuponya, mbele ya kutoa ushuhuda kanisani, aende kwanza ofisini kuwaambia.