Kicheko Nyumbani na Amri ya Nane



Kila mwezi wa Desemba watoto wetu wapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, waje kula Krismasi migombani, huko Marangu, Machame na Old Moshi. Jioni, sala ikiisha, babu, bibi na wajukuu huketi pamoja mbele ya televisheni. Hapo mmoja huleta sinema ya zamani ya kuchekesha, akisema, "Hii haina neno, ni mzaha tu." Basi yatupasa kuuliza: Je, kweli haina neno?

Na tutwae mfano mmoja. Sinema iitwayo Ace Ventura: When Nature Calls ilitoka mwaka 1995, nayo ni sehemu ya pili ya ile ya 1994. Jim Carrey aigiza mpelelezi wa wanyama, anayemtafuta popo mweupe, mtakatifu wa kabila moja katika nchi ya Afrika isiyokuwako duniani. Yaanza mlimani, kwa kuiga kwa mzaha sinema ya 1993 iitwayo Cliffhanger: mnyama mdogo amponyoka mwokozi wake, aanguka. Mtu mzima aliyeiona ile ya 1993 ajua kinachochezewa. Mtoto asiyeijua aona mnyama akifa na watu wakicheka. Nasi tukaao chini ya Kibo, ambao ndugu zetu huchukua mizigo ya wageni mlimani, twajua kwamba kuanguka si mchezo.

Kucheka si dhambi. Jina la Isaka lina maana ya kicheko, na Sara alimcheka Mungu kwanza kwa shaka, kisha akacheka kwa furaha (Mwanzo 18 na 21). Lakini Paulo atuonya tujiepushe na mizaha ya aibu (Waefeso 5:4). Sinema hii inayo, ya uchi na ya zinaa, ambayo bibi hawezi kuisikia mbele ya mjukuu wake bila kuona haya. Hata huko Marekani wazazi walionywa kwamba mengine yaweza kutowafaa walio chini ya miaka 13.

Lakini lililo zito zaidi ni Amri ya Nane. Humo Waafrika husalimu kwa kutemeana mate usoni, na watazamaji hucheka. Wazee wetu wa Uchaggani nao walitema mate kidogo kwa kumbariki mtu. Kwao yalikuwa baraka, wala si upuzi. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliketi na wazee, akajifunza lugha yao, akayaandika mafundisho yao. Waliotengeneza sinema hii waliipiga Amerika ya Kaskazini, wakajitungia makabila wapendavyo. Mmoja alimsikiliza jirani. Wengine wamemshuhudia uongo. Na mtoto akizoea kumcheka mtu wa namna hiyo, kesho atamcheka babu yake mwenyewe.

Hata hivyo, amri iyo hiyo yatuagiza, kama Katekismo Ndogo ifundishavyo, tumnenee jirani mema. Basi tuyaseme mema ya sinema hii pia: mwovu wake ni balozi mgeni, achocheaye vita kati ya makabila mawili ili apate mbolea ya popo. Tamaa yake yachekwa, na ni haki ichekwe.

Basi, wazazi, itazameni kwanza ninyi wenyewe. Wadogo wasionyeshwe. Vijana wakubwa wakiiona, waione pamoja nanyi, kisha muwaulize: Ni nani aliyechekwa? Kama angaliketi hapa kati yetu, angalicheka pamoja nasi, au angaliinamisha kichwa? Nanyi walimu wa dini, swali hili lafaa sana katika darasa la kipaimara, mfikapo Amri ya Nane. Maana kijana ajuaye kulijibu ataweza kuipima sinema yo yote, hata ninyi msipokuwapo.

Bwana na atujalie nyumba zenye furaha, ambazo kicheko chake hakimwaibishi mtu. Amina.