Kivuli cha Mwarobaini na Haki ya Gari

Gari linapoegeshwa juani, mwanga hupenya vioo na kufyonzwa na dashibodi na viti, ambavyo navyo huipasha moto hewa iliyofungiwa ndani, hata katika muda wa saa moja joto la humo huweza kuzidi la nje kwa nyuzi 20 za Selsiasi (mtoto, hata kivulini, haachwi humo kamwe). Ndiyo maana dereva wa Dar es Salaam huutafuta mwarobaini kwanza. Hapo huzuka swali la kimaadili, kwani chini ya mti huo mara nyingi muuza machungwa ameshayapanga yale aliyoyamenya, na kivuli hakiwatoshi wote wawili.

Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza watu kujisaidia njiani na katika vivuli wanavyopumzikia wengine, na katazo hilo laonyesha kwamba kivuli ni manufaa ya umma, yaani neema ambayo watu huishiriki pasipo mmoja kuimiliki peke yake. Kwa kipimo hicho, mwenye kinga nyingine humpisha asiye nayo: dereva anaweza kukinga kioo cha mbele kwa kipande cha kadibodi na kufungua milango kidogo kabla ya kuondoka, ilhali muuzaji hana kinga nyingine mchana kutwa. Kwa hiyo anayepaswa kusogea ni mwenye gari.