Sola Juu ya Bati la Kupanga

Somo: Yeremia 28 na 29, Luka 14:28-30

 Tunawasalimu ninyi nyote mlio Nsambya, Katwe, Makindye na Ndejje, pamoja na ndugu zetu wa Nakivale na Kyangwali ambao karatasi hizi huwafikia kwa basi, mara nyingi zikiwa zimechelewa.

Juu ya watu wa Yuda waliochukuliwa Babeli zilisemwa habari mbili. Hanania alitangaza kwamba ndani ya miaka 2 watarudi nyumbani. Yeremia yeye aliwaandikia barua kwamba wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea heri mji ule wa ugenini, maana miaka itakuwa 70. Kama sisi tungekuwepo siku ile, tungemshangilia Hanania. Tunasema hivyo kwa sababu tulikwisha kumshangilia.

Kwa miaka mingi nyumbani kwetu hatukununua kitu kisichoingia katika sanduku. Dirisha lilipovunjika tuliziba kwa katoni. Mama mchungaji alipoomba taa nzuri tulimjibu, "Ya nini, na ndege inakuja?" Tulifanyiwa mahojiano, tulipimwa afya, tukaaga watu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, nasi tukabaki na masanduku yaliyofungwa. Usiku mmoja pesa ya Yaka ilikwisha, tukawasha mshumaa, nao ukaanguka juu ya chandarua cha mtoto wetu wa tatu. Alipona, Mungu ni mwema, ila mkono wake una alama. Ndugu wengine walitufariji kwamba ni kazi ya shetani. Hapana, wapendwa. Ni sisi tuliokataa kukaa mahali tunapokaa.

Basi tukaamua kuweka sola. Hapa tukafanya kosa la pili, nalo tunaliungama mbele yenu, maana pesa ilikuwa mkopo wa kikundi cha akina mama. Tulikwenda mjini kwa haraka. Muuzaji alitoa paneli juani, akashika mita, ikaonyesha volti 21. Tulifurahi kama watoto. Kibandiko kilisema wati 100. Kufika nyumbani, fundi wa kanisa akapima ampea: zilikuwa 2 tu, wakati paneli ya kweli ya wati 100 hutoa karibu 6 jua likiwa kali. Mjue basi, hata paneli ndogo hutoa volti nzuri. Ampea ndizo zinazosema kweli. Hanania naye alikuwa na sauti nzuri. Mkopo ule bado tunaulipa kidogo kidogo.

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu. Mara ya pili tuliketi. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 zinakula 100. Simu za nyumba nzima, 40. Redio ndogo, 30. Jumla 170 kwa siku. Paneli ya wati 100 hapa Kampala, ukihesabu saa 4 za jua zuri na kuondoa kinachopotea njiani, inatosha na kubaki kidogo kwa siku ya mawingu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina 600, lakini usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Zile za lithiamu huvumilia zaidi, bei yake nayo ni zaidi. Na pasi ya umeme muisahau kabisa: saa moja ya pasi inameza taa za siku kadhaa. Mtumie ya makaa.

Tuliomba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kwamba vitu ni vyetu na tukihama tutavifungua. Usiache jambo hili. Paneli tuliifunga kwa boliti juu ya vyuma, si kuilaza juu ya bati, kwa sababu joto la bati huipunguzia nguvu na hewa lazima ipite chini yake. Hapa ikweta jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo mwinamo mdogo unatosha, mvua ioshe vumbi. Kivuli cha tangi la jirani, hata kikigusa pembe moja, huharibu kazi nyingi. Kuunganisha kuna utaratibu: betri kwanza kwenye kontrola, halafu paneli, mwisho taa; kufungua ni kinyume chake. Fyuzi ikae karibu na betri. Na betri ya asidi isilale chumba kisicho na hewa wala karibu na sigiri, maana ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Wanawali watano wenye busara walibeba mafuta ya akiba. Hatudhani waliyaweka jikoni.

Mtu atauliza: je, tumekata tamaa ya kuondoka? Hatujakata. Yeremia naye aliandika kwamba Mungu atawarudisha. Lakini waliozaliwa Babeli walihitaji kula na kusoma mwaka ule ule. Binti yetu mkubwa sasa anasoma hadi saa nne usiku, na boliti nne zinafunguka kwa spana moja.

Jumamosi hii baada ya maombi ya asubuhi tunapanda bati la mama mmoja mjane kule Katwe. Paneli ipo, imepimwa ampea. Kinachokosekana ni ngazi ndefu na waya mita 10. Mwenye navyo amwone shemasi wa zamu.